Seredani Chini ya Kitanda

Nyumbani kwetu Mombasa, mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arubaini, na katika siku hizo hapewi baridi. Huogeshwa maji ya moto, hukandwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na usiku seredani ya makaa huwekwa chini ya kitanda chake ili mgongo na kiuno vipate joto. Ndivyo alivyofanyiwa Nyanya, ndivyo alivyowafanyia binti zake, na sisi tuliokulia katika nyumba ile hatukupata kuuliza lolote. Twayaandika haya kwa idhini yake na ya mzazi mwenyewe, kwa kuwa masika yamekaribia na majumbani mwetu wako wanaotarajia.

Ilikuwa usiku wa tisa tangu kuzaliwa mtoto. Mvua ilikuwa haijakatika tangu magharibi. Chumba cha mzazi kiko ghorofa ya juu, kimejengwa miaka ya karibuni kwa matofali ya saruji, kina dirisha moja la vioo la kusukuma. Tulilifunga dirisha, tukasokomeza kanga chini ya mlango ili upepo usipenye. Makaa yaliwashwa uani hata yakawa mekundu pe, hayana moshi hata chembe, ndipo yakapandishwa juu. Tuliyasifu kwa wema wake, tukaenda zetu kulala.

Karibu na adhana ya alfajiri, Nyanya alimsikia mtoto akilia kilio chembamba, kisha kimya. Alipoingia alimkuta mzazi ameketi ukingoni mwa kitanda, hawezi kusimama, kichwa chamgonga, ametapika. Mtoto alikuwa mlegevu, hashiki ziwa. Tukaingia sote. Mmoja akasema ni homa ya uzazi, mwengine akasema ni kijicho, na Ami akaanza kusoma Ayatul Kursiyy. Hatujutii kusoma. Twajuta kwamba tulisoma huku mlango tumeurudishia kwa ajili ya baridi, nasi tumeizunguka seredani ingali na moto ndani yake, hata baada ya muda msomaji mwenyewe akashika kichwa.

Jirani yetu ni muuguzi. Alipoitwa hakuuliza mzazi amekula nini. Aliinama, akatazama chini ya kitanda, akasema, "Fungueni dirisha. Mtoeni yeye na mtoto, nanyi nyote tokeni." Walibebwa hadi barazani, wakafunikwa mablanketi, na gari lilipopatikana wakapelekwa hospitali, ambako walitiwa oksijeni kwa muda mrefu wa siku ile. Alhamdulillahi, wote wawili wamerudi nyumbani wazima.

Huko hospitali tulikaribia kufanya kosa la pili. Mzazi alivishwa kidoleni kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu, na nambari ikatoka nzuri. Tukaanza kuuliza kama twaweza kuondoka. Daktari akatueleza kwamba kifaa kile cha kawaida hutazama wekundu wa damu, na damu iliyoshikwa na hewa ya makaa nayo huwa nyekundu. Basi chaweza kusema mtu ni mzima naye yuko hatarini. Alituuliza swali moja tu: usiku ule moto ulikuwa wapi? Tangu hapo tumejua kwamba anayepelekwa hospitali kwa kuumwa kichwa na kutapika baada ya kulala na jiko, jambo la kwanza kutajwa ni jiko.

Hewa hiyo huitwa kaboni monoksaidi. Kuni na makaa vina kaboni, na moto upatapo hewa ya kutosha, kaboni hiyo huungana na oksijeni ikawa kaboni dioksaidi, ile ile tunayoitoa puani. Moto ukikosa hewa, kazi haikamiliki, na kinachotoka ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa hujishika na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, tena hujishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu ikawa yazunguka kama mashua iliyokwisha kujazwa mchanga: yafika kila bandari, haina cha kuteremsha. Kwa hewa ya kawaida huchukua kama saa nne au tano nusu ya sumu hiyo kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi muda huo hupungua hata kufikia saa moja na nusu au chini yake.

Na hapa ndipo makaa yalipotuhadaa. Makaa ni kuni zilizounguzwa tanuuni kwa hewa kidogo, zikatoka maji na utomvu na ule moshi wa kuwasha, ikabaki kaboni. Kwa hiyo jikoni hayatoi moshi mwingi, nasi tukadhani kisicho na moshi hakina madhara. Kuni hukufukuza chumbani kwa kikohozi na machozi. Makaa hukuacha umelala.

Nyanya hakukubali upesi. Kwa siku kadhaa alikaa kimya, kisha jioni moja baada ya isha akasema, "Wanangu, mimi nimezaa saba, na wote nimepashwa moto. Mbona sikufa?" Haikuwa hoja ya kudharauliwa, na aliyepata jibu lake ni yeye mwenyewe alipoanza kutusimulia chumba alichojifungulia, shambani upande wa Kisauni: kuta za fito na udongo, paa la makuti, na baina ya ukuta na paa uwazi wa kupitisha mkono. Mlango ulikuwa wa mbao zisizokutana. Usiku waliona nyota kupitia makuti, akasema, kisha akanyamaza, akalitazama dari letu la zege. Mila ilikuwa ile ile, na seredani ni ile ile, tena shaba yake yasuguliwa hadi leo. Kilichobadilika ni nyumba.

Si kwamba zamani zile zilikuwa salama kwa kila jambo. Nyanya mwenyewe amepika kwa kuni zaidi ya miaka thelathini katika jiko lisilo na tundu la moshi, hajagusa sigara maishani, na bado akipanda ngazi hupumzika mara mbili. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Wengi huenda kwa nimonia, maradhi ya moyo, kiharusi na mapafu, wala hakuna anayeandika neno moshi katika kaburi la mtu.

Jambo lililotutia haya zaidi ni kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutukataza kuuacha moto majumbani tulalapo, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tuliisoma tangu chuoni. Tuliifahamu kuwa ni tahadhari ya nyumba kuungua, na kwa kuwa seredani yetu haikuwa karibu na pazia, tukajiona tumeitii.

Sasa twapika kwa gesi, ila pilau ya kupalia na mkate wa mofa, ambavyo hupikwa uani. Hatuwalaumu walio na makaa. Gesi hununuliwa kwa mtungi mzima na makaa kwa mkebe, na mwenye kibarua cha siku hununua kwa kipimo cha siku. Gesi nayo ina adabu zake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja huteremka sakafuni, na ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili ijulikane. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, usiwashe hata taa. Nao mwale wake ukiwa wa manjano badala ya buluu, hewa haiutoshi, na katika chumba kilichofungwa huzaa sumu ile ile.

Mwezi uliopita binti mwengine wa nyumba alijifungua. Tulingoja kuona Nyanya atafanyaje. Aliiwasha seredani uani kama kawaida, akaiacha huko huko, akapasha vitambaa juu yake kimoja kimoja, na wajukuu wakawa wakimpandishia mzazi mbio kabla havijapoa. Chini ya miguu yake aliweka mpira wa maji ya moto uliofungwa kanga. Dirisha aliliacha wazi kwa upana wa kiganja, akaketi kando yake amejitanda shuka mbili, akilalamika usiku kucha kwamba upepo wa bahari waingia mifupani, na kila aliyenyanyuka kwenda kulifunga alimrudisha kitini kwa jicho.