Mtungi na Kata

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii sijaiona ikikaa vizuri kuliko katika habari za kompyuta.

Mtungi ni hifadhidata. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko Marekani, alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana: jina la mwanafunzi likae jedwali moja, alama zake jingine, zikimrejelea kwa namba yake. Kata ni programu ndogo inayoyachota hayo kupitia intaneti. Kila jedwali hupewa anwani. Ombi huja na tendo lake, yaani kusoma, kuongeza, kubadili au kufuta. Na jibu hurudi na namba: 200 ni tayari, 403 ni huruhusiwi, 404 ni hakipo.

Wepesi huo wapendeza. Lakini nimekuwa mwalimu mkuu, nami najua yaliyomo mtungini: karo, adhabu, ugonjwa wa mtoto. Aliyepewa alama za mwanafunzi namba 57 huenda akajaribu 58. Kumjua mwombaji hakutoshi. Sharti iulizwe kama kila mstari anaoutaka ni haki yake. Sheria hiyo na ikae mtungini, isiachiwe kata, kwani leo kata ni moja, kesho ni tatu. Hifadhidata ya PostgreSQL imewezesha ulinzi huo wa mstari kwa mstari tangu 2016.

Na asiyehusika ajibiwe 404, hata kama taarifa ipo. Ukimwambia mtu kwamba haruhusiwi kuona faili la ugonjwa wa mtoto, umekwisha kumwambia kwamba mtoto ni mgonjwa.