Mizani Tisa

Jarida letu la mashairi mtandaoni lilizimika tuliposhindwa kulipia jina la tovuti. Wiki hii nimekuwa nikiliokoa ukurasa kwa ukurasa kutoka Wayback Machine, hifadhi inayotunza kurasa za intaneti tangu 1996. Picha nyingi zimepotea. Shairi la rafiki yangu lipo.

Lipo, pamoja na kosa langu. Yeye aliandika "nganya". Mimi mhariri, nikijifanya askari wa Kiswahili sanifu, nikaweka "matatu". Kipande cha mizani nane kikawa na tisa. Alinipigia usiku huohuo: "Buda, umenivunjia mizani!" Nikacheka, nikamwambia nitarekebisha kesho. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mazishi.

Nakala iliyo kule siwezi kuigusa, kosa litabaki. Lakini katika hii ninayoihifadhi upya nimerudisha neno lake. Kisha nikausoma mshororo kwa sauti, nikihesabu kwa vidole, vile alivyozoea kufanya ndani ya nganya huku makanga akimshangaa.

Nane.

Pole, buda. Nimechelewa.