Siku Kumi na Nne za Ufizi

Katika mjadala wa bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, tumezungumza sana juu ya michango na kidogo mno juu ya muda wa mgonjwa. Ufizi wa mdogo wangu umenifanya nilifikirie upya jambo hili.

Yeye ni mchimbaji mdogo huko Geita. Ajali ya pikipiki ilimng'oa jino la mbele. Katika vituo vyetu vingi jino linalouma hung'olewa, na habari huishia hapo. Yeye alidunduliza fedha hadi akawekewa kipandikizi jijini Dar es Salaam, yaani skrubu ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya ili ibebe jino bandia. Lakini ufizi uliokizunguka ulikuwa mwembamba, ukivutwa kila aliposogeza mdomo. Kupiga mswaki kulimuuma, na penye uchafu usiosafishwa uvimbe hauchelewi. Daktari akaamua kukata kipande kidogo cha nyama ya kaakaa na kukihamishia hapo.

Nilidhani kazi ngumu ni kukata. Kumbe ni kukituliza! Katika siku za mwanzo kipande hicho hakina mishipa yake ya damu. Huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka kwenye kidonda kilichokipokea, mpaka mishipa mipya iungane nacho. Kikitikisika, au damu ikiganda chini yake, hufa. Ndiyo maana hushonwa pembeni, kisha nyuzi nyingine hupitishwa juu yake kwa kukatizana na kutiwa nanga katika utando unaofunika mfupa, halafu hugandamizwa kwa shashi yenye unyevu kwa dakika kadhaa. Wapo madaktari wanaoongeza gundi ya kitabibu. Kaakaa nalo huweza kufunikwa kwa bamba la plastiki.

Masharti yaliyofuata ni mepesi kwa mtu mwenye mshahara kama mimi: usivute sigara, usipige mswaki hapo, usifanye kazi nzito, rudi baada ya wiki mbili. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mawe hapati mgawo akiwa amelala. Na mwaloni anakofanyia kazi dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa. Mvuke wake, ukivutwa kwa muda mrefu, hutetemesha mikono, huvimbisha fizi na kulegeza meno. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, moshi ungalipo.

Nawauliza watumishi wa umma wanaopanga vitita vya bima: je, nauli ya kurudi kliniki na kipato cha siku za kupona si sehemu ya tiba? Mshono mzuri wa daktari bingwa hauwezi kumshikilia mtu nyumbani.

Mdogo wangu alipumzikia kwa mama, Shinyanga. Siku ya 14 alipanda basi tena, takriban kilomita 1,000, kwenda kutolewa nyuzi. Nauli aliikopa kwa mwenye duara, nayo itakatwa kwenye mawe yake.