Watasema

Baba mdogo ana mbwa jike anayeitwa Watasema. Kwa asiyezoea, jina la mbwa kwetu mara nyingi ni barua kwa jirani. Utamsikia mtu anaita Tutaonana, anaita Wivu, anaita Mtachoka, na mbwa anakuja mbio akitingisha mkia bila kujua amebeba ugomvi wa watu. Huyu alishuka kwenye basi la kutoka Arusha akiwa ndani ya boksi la sabuni, mgongo mweusi, miguu rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine bado linawaza. Watu wa Bashay wakaanza: mbwa wa kizungu atakula nini kwa mtu anayelima vitunguu saumu? Baba mdogo akasema watasema mpaka wachoke. Jina likabaki.

Mama yake alikuwa mbwa wa geti, German Shepherd halisi kwa maneno ya mwenye nyumba. Baba yake ni koko fulani aliyepenya uzio usiku. Miji yetu imejaa hao German Shepherd. Wako polisi, wako kwenye kampuni za ulinzi, wako nyuma ya mageti yaliyoandikwa MBWA MKALI. Tumewazoea kama askari kiasi kwamba jina lao halituambii tena kitu, ingawa liko wazi: ni mbwa wa mchunga kondoo. Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi, alianzisha chama cha mbwa hawa huko Ujerumani mwaka 1899, na mbwa wa kwanza kuandikishwa, Horand von Grafrath, alitoka kwenye ukoo wa mbwa wa malishoni. Mambo ya polisi na vita yalikuja baadaye. Kwa hiyo yule unayemwona amelala getini Njiro akibwekea bodaboda ana kazi nzima ndani yake ambayo hakuna mtu amewahi kumpa.

Kiswahili nacho hakimsaidii. Tuna mbwa wa msasi, tuna mbwa wa lindo, tuna mbwa koko. Wa kuchunga hana neno lake. Ukisema "mbwa mchungaji" huku Mbulu, ambako makanisa hayako mbali na mlango wa mtu yeyote, utatazamwa mara mbili. Hata kwenye vitabu mbwa wetu ni askari: waliosoma Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 wanawakumbuka wale mbwa waliochukuliwa kwa mama zao wakiwa wadogo, wakarudishwa wakiwa wakubwa na meno. Mbwa anayefanya kazi na mifugo sijakutana naye sana kwenye maandishi yetu, wakati huku kila boma lina mmoja au wawili. Wanafuatana na ng'ombe asubuhi, wanalala kivulini, wanabweka fisi akisogea. Basi. Hakuna anayetegemea mbwa awazungushe ng'ombe.

Watasema alianza kuwazungusha mwenyewe. Nilikuwa Bashay kiangazi kile, nikimsaidia baba mdogo kuchunga kwa sababu watoto wake walikuwa shule, na niliona kwa macho yangu. Ng'ombe mmoja akijitenga, mbwa anaenda kwa duara pana, kichwa chini, anamtazama tu. Ng'ombe anarudi. Hakuna aliyemfundisha. Baba mdogo alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeokota hela njiani.

Halafu akaona digidigi.

Hapa lazima nieleze kitu, maana wengi wanadhani mbwa akimkimbilia mnyama pori amekosa adabu. Raymond na Lorna Coppinger, wanabiolojia wa Marekani waliofuga na kuchunguza mbwa kwa miaka mingi, walieleza vizuri katika kitabu chao cha mwaka 2001. Mnyama mwindaji ana mlolongo: anatazama, ananyemelea, anafukuza, anakamata, anaua. Watu waliochagua mbwa wa kuchunga kizazi hadi kizazi walikuza zile hatua za mwanzo na kufifisha zile za mwisho. Kuchunga, kwa maneno yangu, ni uwindaji uliokatwa mkia. Lile duara zuri lililomfurahisha baba mdogo na zile mbio za kumfuata digidigi ni kitu kimoja. Ukiua kimoja umeua vyote. Na sisi tulikihitaji kimoja.

Siku ya kwanza alipotea kama nusu saa. Mimi na baba mdogo tukashuka korongoni kumwita, na kwa muda huo ng'ombe wanne wakaingia kwenye kitunguu saumu cha jirani. Asiyelijua zao hilo ajue kwamba kwa watu wa Mbulu saumu ni ada ya shule, ni bati, ni mahari. Ng'ombe hata haili sana, anakanyaga. Tulilipa. Siku ya pili alirudi usiku, miiba puani, na fisi walikuwa wameshaanza kulia upande ule ule aliotokea. Jirani akaja asubuhi, kwa heshima zote, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Ila mbwa akipeleka tena ng'ombe shambani kwangu, sumu ya panya ipo dukani." Hakuwa anatania, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Ushauri ukamiminika. Wa kwanza ulikuwa gogo: unamfunga mbwa kipande cha mti shingoni, kinaning'inia magotini, akikimbia kinampiga miguu. Baba mdogo alijaribu kwa siku mbili akalitoa. Alisema gogo halimzuii kwenda, linamzuia kurudi: litanasa kichakani, na fisi atamkuta amejifunga mwenyewe. Wa pili ulikuwa fimbo, apigwe vizuri akirudi ili akome. Hapo baba mdogo hakujaribu hata kidogo. "Mbwa hajui unampigia digidigi," aliniambia. "Anajua amekuja kwako ukampiga." Kesho yake utamwita na atafikiria kwanza.

Ushauri wa tatu ulitoka kwa vijana wa kitongojini, na huu ndio ulionitisha. Walitaka kumnunua. Walikuwa wamemwona anavyokimbia, wakatoa bei ya mbuzi jike, kisha mbuzi na hela juu. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na wao wanajua, lakini digidigi ana kilo tatu hadi sita tu, anaingia kwenye mfuko wa salfeti, nani atauliza? Baba mdogo alikataa. Sidhani ilikuwa kwa ajili ya sheria. Alisema mbwa akikamata mara moja, akaonja damu ya moto, kwisha habari yake: ule mkia waliokata Wajerumani utaota upya.

Kuna sababu nyingine ambayo haikutajwa kwenye kikao chochote. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wanaufahamu vizuri, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, simba wapatao 1,000. Mbwa wa vijijini wakafanywa walengwa wa chanjo kuzunguka hifadhi. Kichaa cha mbwa nacho kinapita njia hiyo hiyo, kwenda na kurudi, kwa meno ya mbwa, mbweha na fisi. Mbwa anayezurura porini hapeleki mbio zake tu. Watasema alichanjwa, lakini wangapi kitongojini walikuwa wamechanjwa?

Kilichotusaidia kilianzia kwa digidigi mwenyewe. Mnyama huyu hahami hami. Anaishi wawili wawili, dume na jike, kwenye eneo lao lile lile miaka nenda rudi, na wana vyoo vyao, vilima vidogo vya kinyesi mahali pale pale, na vijiti wanavyovipaka ute mweusi unaotoka karibu na jicho. Baba mdogo, aliyechunga tangu akiwa na miaka sita, alikuwa anajua choo cha kila jozi kati ya nyumbani na mtoni. Kwa hiyo tulijua jaribu liko wapi kabla mbwa hajalifikia. Si kila mwenye tatizo ana bahati ya kulijua anuani yake.

Tukaanza kupita pale makusudi, asubuhi na jioni, bila ng'ombe, mbwa akiwa kwenye kamba ya katani ndefu kama mita kumi. Baba mdogo alinifundisha nisimtazame digidigi, nimtazame mbwa. Kuna sekunde mbili au tatu kabla hajaondoka: masikio yanaenda mbele, mdomo unafunga, mkia unatulia, mguu mmoja unabaki hewani. Hapo ndipo unapiga mluzi. Akishaondoka umechelewa, hata ukiita majina ya malaika wote. Na mluzi ulihitajika kweli, maana jaribu wewe kupaza sauti "Watasema!" kuvuka korongo zima, kwanza ni refu, pili kila mama aliyekuwa anapalilia alisimama kuuliza nani tena kasema nini.

Akigeuza kichwa kwa mluzi anapata kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyochomwa, kinachonuka mpaka mimi nilitamani. Asipogeuza, kamba inamwambia. Hakuna kelele. Wiki ya kwanza kamba ilifanya kazi yote na viganja vyangu vilichubuka. Wiki ya tatu alianza kugeuka kabla kamba haijakaza. Najua kuna watu huko nje wanatumia kola za umeme, mbwa akikimbia anapigwa shoti kwa rimoti. Wales walizipiga marufuku mwaka 2010. Binafsi sioni tofauti kubwa kati yake na fimbo, ila fimbo angalau inamchosha anayepiga.

Lakini kamba peke yake ingetupa mbwa anayetii na asiye na raha. Kazi kubwa ilikuwa tuta. Mashamba ya Bashay hayana uzio. Kati ya malisho na saumu ya jirani kuna tuta la kuzuia mmomonyoko, na juu yake majani ya tembo hapa na pale. Baba mdogo alianza kutembea na Watasema juu ya tuta hilo, kwenda na kurudi, ng'ombe wakiwa upande wa malisho. Ng'ombe akisogelea saumu, mbwa anaachiwa. Ng'ombe akirudi, mbwa anaitwa kwenye tuta. Kwenda na kurudi, saa nzima, siku baada ya siku, kama watu wanaopima kiwanja. Nilidhani mzee anapoteza muda. Mwisho wa mwezi mbwa alikuwa anakimbia tuta lile mwenyewe, ulimi nje, na njia yake ilishaonekana kwenye majani.

Nilipoondoka Bashay nikasoma habari za wachunga kondoo wa Ujerumani, nikakuta jambo lililonifanya niache kitabu. Mbwa wao hawakuwa wa kwenda mbali kukusanya kondoo mlimani kama wale wa Uskoti. Walifanya kazi kwenye nchi ya mashamba yasiyo na uzio, kondoo wakilishwa kando ya mazao, na mbwa akikimbia mpakani kwenda na kurudi, kutwa, awe yeye ndiye uzio. Wachungaji walikuwa wanamfundisha mbwa mdogo kwenye mtaro wa jembe, akiwa amefungwa kamba. Nikampigia simu baba mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo Wajerumani nao walikuwa wanagombana na majirani?"

Jirani wa saumu ameshaomba mtoto wa Watasema. Vijana wameacha kuuliza bei, ingawa mmoja wao alikuja siku moja kutaka kufundishwa ule mluzi, na baba mdogo alimfundisha mwingine usio wenyewe.

Digidigi wa njia ya mtoni bado wapo. Watasema akifika pale anatulia, anatazama kichaka, anamtazama baba mdogo, anasubiri ngozi. Tatizo lililobaki ni sungura. Sungura hana choo cha kudumu wala anuani; anatoka popote, jua likiwa linazama, na anakimbia kwa kona kona kama anamwita mtu. Mluzi umeshindwa mara tatu kati ya kumi kwa hesabu ya baba mdogo, na yeye si mtu wa kupunguza. Kwa hiyo ikifika saa kumi na mbili kasoro jioni anaitoa ile kamba ya katani begani, anamfunga, na wanarudi nyumbani pamoja nyuma ya ng'ombe, mbwa akivuta kidogo kila kichaka kinapotikisika.