Wiki ya Sita Lushoto

Mwenzenu nilipanda basi la alfajiri pale stendi ya Mbezi nikiwa na ajenda yangu kwenye pochi: barua ya kazi. Si yangu, ya mchumba wangu. Kampuni moja mjini ilikuwa tayari kumrudisha kwenye mauzo kwa mshahara ule ule aliouacha alipoamua, akiwa na miaka 31, kwenda chuo kusomea ualimu wa lugha. Nilimwombea bila kumwambia. Harusi yetu imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya chuo hicho, na sasa alikuwa Lushoto, wiki ya sita kati ya nane za mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa naenda kumchukua. Yaani kumchukua kabisa.

Hadi Mombo safari ni ya kawaida: Chalinze, Segera, Korogwe, mkonge, joto. Pale Mombo basi linaacha barabara kuu ya kwenda Arusha na kuanza kuipanda Milima ya Usambara, zaidi ya kilomita 30 za kona. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde ambalo nakushauri usilitazame kama umetoka kunywa supu. Ukifika Soni unayaona maporomoko ya maji hapo hapo barabarani, na karoti na kabichi zinaletwa hadi dirishani. Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda baridi yake wakaiita Wilhelmstal. Mimi Julai ile nilikuwa na kikoti cha jinzi tu, na alinionya kwa meseji, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Asubuhi yake aliniombea ruhusa kwa mkuu wa shule nikakaa nyuma ya darasa. Kidato cha kwanza, kipindi cha Kiingereza, watoto themanini na ushee, dawati la wawili wanakaa watatu. Kama ulisoma shule ya serikali unaujua mchezo: msingi yote Kiswahili, halafu unaingia sekondari unakuta hesabu, baiolojia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza. Na huku milimani wengi nyumbani wanaongea Kisambaa, kwa hiyo hata hicho Kiswahili walikipata baadaye.

Kumbe siku hiyo hiyo mkufunzi kutoka chuoni amekuja kumkagua. Akakaa kiti cha pili kutoka kwangu na fomu yake. Nikaona chaki inatetemeka mkononi mwa mtu ambaye zamani alikuwa anaingia kwenye mikutano ya wateja wakubwa huku anapiga mluzi.

Somo lilikuwa wakati uliopita. Akamwuliza binti mmoja wa dawati la tatu, jana alifanya nini. Kimya. Akarudia polepole. Kimya. Kikaanza kile kicheko cha chini chini. Ukutani kuna kibao kinachokataza lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Ndipo akachuchumaa kando ya dawati, akasema kwa Kiswahili, "Niambie mimi tu. Jana ulifanya nini?"

"Nilibeba kabichi na mama hadi barabarani, mwalimu. Watu hawakununua."

Akasimama, akaandika vitenzi viwili ubaoni, kubeba na kununua, kwa Kiingereza, akaonyesha kimoja kinavyoongezewa mkia na kingine kinavyobadilika tumbo. Kisha akamrudishia swali. Binti akajibu. Sentensi mbili, ya pili aliikosea, akajisahihisha mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Baadaye mwalimu wa darasa aliniambia tangu Januari hajawahi kumsikia mtoto yule akijibu kitu.

Mkufunzi alimkata alama: ametumia Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Kwa fomu yake alikuwa sahihi. Mimi nilikasirika kuliko mwenye alama.

Jumamosi tulitembea kwa mguu hadi Irente. Ukipita, usiache kununua mkate, jibini na jamu pale shambani. Mbele kidogo mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaona tambarare yote ya Mombo na mashamba ya mkonge, kule kwenye joto nilikotoka. Hapo ndipo nilipomuuliza, zile alama atafanyaje.

"Nakaguliwa tena wiki ijayo."

"Na mtoto akinyamaza tena?"

"Nitachuchumaa tena."

Nikatoa barua. Akaisoma mara mbili. "Uliiomba lini?"

"Mwezi wa tano."

Akanyamaza, na alivyonyamaza si bora angenigombeza! "Ungeniuliza," akasema. Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Twende, ukungu unapanda. Na Jumatatu nina vipindi vinne sijaviandaa."

Tulirudi bila maneno mengi. Pale njia ilipokuwa na utelezi alinishika mkono, penye ukavu akauachia.

Barua ilitaka jibu kufikia Ijumaa. Niliwapigia simu Jumatano, mimi mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeiomba. Tarehe ya harusi bado hatujaipanga. Sweta lake niliondoka nalo, na hajaliulizia.