Milima ya Virunga na Vitabu Vyake

Asafiriye kutoka Goma kwa njia ya kaskazini, akipita Kibumba na Rugari, hufika Kiwanja baada ya kilometa 70 hivi. Milima humsindikiza: Nyiragongo na Nyamulagira mkono wa kushoto, Mikeno na Karisimbi mkono wa kuume. Karisimbi yaipita mingine yote, kwa urefu wa mita 4,507.

Nchi kama hii haikosi masimulizi. Wazee wa huku na wa Rwanda husimulia habari za Ryangombe, mwindaji hodari aliyeuawa na nyati. Alipokwisha kufa, wasema, akahamia Karisimbi pamoja na wafuasi wake. Bali waliomkataa wakatupwa motoni mwa Nyiragongo. Hatuyakumbuki hayo ili tuyasadiki, ila yatuonyesha jinsi watu wa kale walivyowaza juu ya wema na malipo yake. Na moto wenyewe si hadithi: Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, na 2002 ikateketeza sehemu kubwa ya mji wa Goma, na tena ikalipuka 2021.

Je, habari hizi zimeandikwa? Naam, lakini mara nyingi kwa lugha za mbali. Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894, akatoa kitabu cha safari yake kwa lugha ya kwao. Padre Pagès wa Mapadre Weupe alikusanya historia na mila za Rwanda, akazichapisha kwa Kifaransa mwaka 1933. Kazi yake ni kubwa, lakini yafaa kuisoma kwa busara: hata jina la kitabu lachukua nadharia ya «Wahamiti», ambayo wataalamu wameikataa, nayo imewagawanya watu vibaya.

Kitabu kimoja twakisifu hasa. Magharibi ya hapa, ng'ambo ya milima ya Masisi, wakaa Wanyanga wa Walikale. Huko, mwaka 1956, msimulizi Candi Rureke alitoa utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, akiimba, akisimulia na kucheza, huku waandishi wakifuata kila neno. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, waliutoa mwaka 1969, Kinyanga chenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mle twasoma juu ya mtemi Shemwindo aliyewaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa mwanamume, na baba akataka kumwua. Mtoto akaokoka, akamfuata baba yake hadi kuzimu; lakini alipompata hakulipa kisasi, alimrudisha nyumbani. Fundisho hilo lahitajiwa sana Kivu.

Kwa maana hadithi huhitaji jioni ya amani, moto wa kuota, na wajukuu walioketi. Watu wa Kiwanja wamenyimwa hayo mara nyingi. Novemba 2008 wengi waliuawa papo hapo mjini. Oktoba 2022 vita vikafika tena, na jamaa nyingi zikakimbia. Mkimbizi hubeba mtoto, godoro na sufuria. Masimulizi ya babu hubaki kichwani mwa babu, na babu akifia njiani, nani atayaokota?

Basi enyi wanafunzi, msingoje mgeni aje na kalamu. Daftari moja yatosha. Ketini na bibi au babu, mwandike asemavyo kwa lugha yake, iwe Kihunde, Kinande au Kinyarwanda, kisha mtie Kiswahili kando. Andikeni pia jina lake, kijiji chake na siku aliposimulia. Akisimulia jirani wa kabila lingine, aandikwe vilevile, maana mlima mmoja huonwa na vijiji vingi, na kila kijiji huuona kwa upande wake.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na masimulizi ya wazee ni mali.