Feza za Baba Sandukuni

Baba yetu alipofariki, mama alitukabidhi ufunguo wa sanduku lake la bati. Ndani, chini ya koti na kadi ya ubatizo, tulikuta noti 40 zilizofungwa kwa uzi, kila moja ya zaïre 5,000,000. Mama alijua zilikotoka: ni bei ya mbuzi wanne waliouzwa mwanzo wa mwaka 1993. Mwezi wa kumi mwaka ule serikali ilitoa zaïre mpya, moja kwa za zamani 3,000,000. Baba hakwenda kubadilisha. Alikataa kusadiki kwamba milioni tatu zaweza kuwa moja.

Mama alituuliza jambo moja tu: «Mwanangu, wewe umesoma. Hizi ni franka ngapi za leo?»

Ndugu wasomaji, tulidhani ni hesabu ya dakika moja. Alikuwapo shemeji yetu wa Kigoma, aliyevuka ziwa kuja matangani. Tulitwaa chaki tukaandika mlangoni. Franka ya sasa ilipotoka tarehe 30 Juni 1998, moja ilishika mahali pa zaïre mpya 100,000. Sisi tulisema «elfu mia moja», shemeji akasema «laki». Neno hilo asili yake ni Uhindi, nalo liliingia Kiswahili cha pwani kwa njia ya biashara. Hapo tulielewana upesi.

Tukazidisha: 100,000 mara 3,000,000. Basi franka moja ni zaïre za zamani 300,000,000,000. Tukasoma: miliari 300. Shemeji akasoma: bilioni 300. Tukamkatalia, kwa maana bilioni ina sufuri kumi na mbili, na shuleni tulipigwa fimbo kwa ajili ya sufuri hizo. Akajibu kwamba kwao benki, redio na wabunge wote huhesabu sufuri tisa. Mama alitutazama kama wachuuzi wawili wanaogombea ndizi zake.

Kumbe hakuna aliyekosa. Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika majina ya hesabu kubwa, akipanda kila mara kwa sufuri sita: milioni, bilioni, trilioni. Baadaye miliari ikajaza nafasi ya katikati. Lakini wengine, hata Ufaransa kwenyewe, walianza kupanda kwa sufuri tatu, na Marekani ikashika desturi hiyo. Ufaransa ilirudia sufuri sita kwa amri ya mwaka 1961. Uingereza ikaenda upande wa pili: mwaka 1974 waziri mkuu Harold Wilson alitangaza kwamba bilioni ya serikali yake ni ya sufuri tisa. Sisi wa Kongo tulifundishwa hesabu kwa Kifaransa cha Wabelgiji. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, kwa Kiingereza. Hata Wadachi walipobadili feza yao mwaka 1923, rentenmark moja ilikuwa mark za karatasi za sufuri kumi na mbili: wao waliita bilioni, Wamarekani trilioni.

Tungaliishia hapo, lakini shemeji alitaka kujua habari za franka za babu. Zaïre ilipozaliwa mwaka 1967, ikiitwa kwa jina la mto, moja ilitwaa mahali pa franka 1,000, nayo ilikuwa sawa na dola mbili. Kwa hiyo franka ya leo ni franka za babu 300,000,000,000,000, na jina ni lile lile. Sisi tukasoma: bilioni 300. Shemeji akasema trilioni 300, kisha akacheka, akaonyesha mstari wa juu. Kweli, maneno «bilioni 300» yalikuwa mlangoni mara mbili, moja kwa mwandiko wake, moja kwa mwandiko wetu, na hesabu moja ilikuwa mara elfu ya nyingine. Shemeji hutuuzia mchele. Tangu siku ile tunaandika sufuri zote kwenye karatasi kabla hajapanda mashua.

Mama alikuwa bado anangoja. Tuliacha miliari na bilioni, tukamwambia kwamba ingetakiwa mizigo 1,500 kama ule wa baba ili kupata franka moja.

Alinyamaza kidogo. «Na mbuzi wanne leo ni bei gani?»

Shemeji alimtajia bei ya soko. Mama alifunga noti kwa uzi ule ule, akazirudisha chini ya koti.